Timazi na Mistari Iliyopinda

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza. Daftari jipya, kalamu mpya, mkono wa zamani.

Mwalimu Mkuu, anayetufundisha darasa la watu wazima palepale shuleni kwake, ameamuru kila mmoja wetu aandike shajara. Mistari mitatu kwa siku inatosha, amesema. Mistari mitatu! Mimi nitajaza kurasa. Sijawahi kuishia kwenye msingi katika maisha yangu.

Kwa atakayesoma nikiwa nimeshakufa: mimi ni fundi mwashi, mstaafu. Miaka arobaini na tatu ya kazi. Ukipita katika mji huu ukaegemea ukuta na usianguke, nishukuru mimi. Kusoma nimeanza mwaka jana. Herufi zote nazijua, isipokuwa zile zinazojificha katikati ya maneno marefu.

Leo nimeona aibu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kitindamimba wangu anaiandikia kompyuta. Si kwamba anaandika kwa kompyuta, hilo hata karani anaweza. Yeye anaipa amri, nayo inatii. Amepewa kazi ya kengele ya shule: kompyuta itaangalia saa, saa ikifika italiza kengele kwenye vipaza sauti, bila mkono wa mtu. Ijumaa Afisa Elimu anakuja kuikagua. Ikilia sawasawa, binti anaajiriwa ofisini kwake, dawati lake, kiti cha kuzunguka. Isipolia sawasawa, anarudi steshenari kuchapa barua za watu, ambako amekaa miaka mitatu mpaka shingo imeenda upande.

Na kengele ya sasa anapiga nani? Maranda! Seremala mstaafu, jirani yangu, mwiba wangu. Anagonga rimu ya lori kwa kipande cha nondo na anatembea kama aliyebuni sauti. Huyu ndiye aliyesema mbele za watu kwamba plasta ilibuniwa kuficha dhambi za waashi. Ananiita Tope. Ndiyo maana namwita Maranda.

Tumewekeana ahadi kwa kinyozi, ambako wazee tunabarizi, mashahidi sita na mmoja mwenye sabuni usoni. Kengele ya binti yangu ikifaulu, Maranda atanibebea kiti changu kutoka nyumbani hadi kwa kinyozi kila asubuhi, mwezi mzima. Ikishindwa, nitambebea chake. Kiti chake kina mguu mmoja mfupi. Alikitengeneza mwenyewe, kwa hiyo si ajabu.

Basi nilisimama nyuma ya binti nione kazi inavyokwenda. Nikashika ukuta nisianguke.

Mistari imepinda! Wa kwanza umeanza ukingoni, vizuri. Wa pili umeingia ndani. Wa tatu ndani zaidi. Wa nne ndani kabisa, halafu unaofuata umerudi nje kama mlevi aliyekosa mlango. Nilichukua timazi, nikaining'iniza mbele ya kioo cha kompyuta. Uzi ulishuka wima. Maandishi hayakushuka wima.

Nilimwambia binti kwa upole kwamba ukuta wa namna hii mimi huubomoa kabla mwenye nyumba hajafika. Akasema ndivyo inavyotakiwa, Baba. Nikasema hata saidia fundi wangu wa kwanza alisema hivyohivyo, leo anauza vocha.

Akacheka. Ni kuona haya tu. Mtoto hawezi kukiri kosa mbele ya fundi.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi binti alikwenda shuleni kufunga vipaza sauti. Mama Watoto alikwenda kliniki kupima macho. Nyumba yangu, kompyuta yangu.

Niliketi. Nilivaa miwani. Nilitafuta kitufe kinachokula kurudi nyuma, nikakipata kwa bahati, kimeshakula neno zima. Nikalirudisha, herufi moja baada ya moja. Maneno mengi ni ya kigeni lakini mengine ni yetu kabisa: saa, washa taa, piga kengele. Binti ana akili, anaamrisha kwa lugha ya mama yake.

Nikaanza kunyoosha. Mstari wa pili, nje! Wa tatu, nje! Ghafla ikatokea minyoo myekundu chini ya maneno, imejikunja. Nikaipuuza. Kazi yoyote nzuri ina wadudu wake.

Kisha nilitaka kuongeza nafasi, nikabonyeza kile kitufe kikubwa cha kushuka chini. Mashine ikashuka, na IKASOGEA NDANI. Yenyewe! Nikairudisha nje. Nikabonyeza tena. Ikasogea ndani tena. Mara nane. Nikaiambia kwamba mimi nimefukuza vibarua wenye misuli, sembuse wewe usiye na mikono. Mara ya tisa ikasogea ndani.

Nikasitisha kazi nikafikiri kifundi. Kitu kinachoteleza kwenda kulia, maana yake nini? Maana yake meza inainamia kulia. Na meza hii aliichonga nani? Maranda! Aliitoa zawadi wakati binti alipomaliza shule, nikajua tangu siku ile hakuna zawadi ya bure.

Nilileta pima maji, nikaiweka juu ya meza. Kipovu kilikimbia kushoto kama kuku aliyeona kisu. Meza imeinama! Miaka saba binti yangu anafanya kazi mlimani!

Niliweka kabari chini ya miguu ya kulia. Kipande kimoja cha tofali, kisha cha pili. Mistari haikurudi. Cha tatu. Haikurudi. Cha nne: kikombe cha chai cha binti kilianza safari, kikapita mbele yangu kwa heshima zote, kikaanguka upande wa pili.

Binti alirudi akakuta meza imesimama kama punda anayekataa mzigo, na chai sakafuni. Aliondoa kabari, akafuta chai, akabonyeza vitufe viwili vitatu. Mistari yote ikarudi kupinda kama jana. Kazi yangu ya saa mbili!

Akaniketisha. Akanieleza kwamba kompyuta ina sheria. Mstari ukiisha kwa vinukta viwili vilivyopandana, huo ni bosi, na wanaofuata chini yake ni watu wake, wanasimama hatua moja ndani ili ijulikane wanamsikiliza nani. Amri za bosi zikiisha, mstari unaofuata unarudi nje. Mashine inajua sheria hiyo, ndiyo maana ukishuka chini ya bosi inakusogeza ndani kabla hujaomba. Inakusaidia, haikupingi. Na minyoo myekundu ni kilio chake ikiona sheria imevunjwa.

Nikamwuliza kama bosi akiwa mtu mwema hawezi kusimama safu moja na watu wake. Mimi nilikula na vibarua wangu sufuria moja. Akasema, “Baba, kompyuta haijui wema, inajua nafasi nne.”

Nafasi nne. Nani alizipima?

Jumatano, 5 Juni

Njama ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Leo darasani Mwalimu Mkuu amerudisha insha. Yangu ina mistari myekundu kila aya. Amesema, “Mzee wangu, kila aya mpya ianzie ndani kidogo, vidole viwili.” Hata yeye! Nikasimama. Nikasema katika maisha yangu sijaanza ukuta vidole viwili ndani ya msingi, na nyumba zangu zimesimama. Akasema insha si nyumba. Nikasema ndiyo maana watu hawaishi ndani yake.

Darasa likacheka. Nadhani lilikuwa upande wangu.

Maranda, anayekaa dawati la mbele kama mtoto wa mwalimu, akageuka akanyanyua insha yake. Aya zake zimeingia ndani si vidole viwili, kiganja kizima! Akapewa alama ya vyema. Akaninong'oneza, “Tope, wewe hata aya huwezi kuipanga, ndiyo utapanga kengele?” Halafu akaangalia saa, akatoka kwa maringo kwenda kugonga rimu yake. Ngaa, ngaa, ngaa. Dakika moja kabla ya wakati, nilihesabu.

Kwa kinyozi amekwishawaonyesha watu kiti nitakachobeba. Amekifunga kamba nzuri ya kushikia, eti kisiniumize.

Nimefika nyumbani damu inachemka. Binti alikuwa anajaribu kazi yake kwenye kipaza sauti kidogo. Saa ilipofika, taa iliwaka, kengele ikalia mara moja, tamu kama ya baiskeli mpya. Kisha kimya mpaka wakati wake mwingine. Mama Watoto alipiga vigelegele. Binti akasema kazi imekamilika, hagusi tena hata nukta, anasubiri Ijumaa tu. Alikuwa na uso ambao sijauona tangu alipokuwa na meno ya utoto.

Mimi nilipiga makofi pia. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye ule ukingo.

Afisa Elimu atakuja na macho yake. Atauona ukingo. Atauliza, huyu ni mtoto wa nani?

Alhamisi, 6 Juni

Fundi wa kweli habomoi ukuta wote. Anagonga tofali moja.

Hili ndilo kosa langu la Jumanne (si kosa, ni haraka): nilitaka kunyoosha vyote kwa siku moja. Leo nimetumia akili. Mchana binti alikuwa uani anapiga pasi gauni la Ijumaa. Gauni la bluu, alilikunja na kulikunjua mara tatu, anaogopa mikunjo. Mtoto wangu kabisa! Akijali mikunjo ya gauni, kwa nini asijali ya maandishi?

Niliingia kwa nyayo za paka. Niliangalia ukuta mzima, nikachagua mstari mmoja tu, wa mwisho: piga kengele. Ulikuwa umejificha ndani, hatua mbili. Juu yake yupo washa taa, hatua mbili vilevile. Juu yao bosi wao, ule unaouliza kama saa imefika, hatua moja. Nikasema hivi: kengele ndiyo mgeni rasmi wa kazi yote hii. Kwa nini isimame nyuma na taa? Isimame safu moja na bosi!

Nikabonyeza kile kitufe kinachokula kurudi nyuma, mara moja tu. Hop! Ikatoka hatua moja nje.

Nikasubiri minyoo. Minyoo haikuja! Hata mmoja! Mashine ilinyamaza kabisa. Imekubali. Siku tatu za mapambano, na leo imemjua fundi. Nikabonyeza pale binti anapobonyezaga kuhifadhi, nikatoka, nikaenda kuketi kibarazani na uso wa mtu aliyekuwa hapo tangu asubuhi.

Mama Watoto alisema nina uso wa paka aliyeramba maziwa. Nikasema ni uzee.

Jioni nilikwenda kwa kinyozi nikamshauri Maranda aanze kufanya mazoezi ya mabega. Kiti changu ni cha mvule.

Ijumaa, 7 Juni

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu ni amri.

Tulifika shuleni mapema. Binti na gauni la bluu. Mama Watoto na miwani mpya. Mimi na koti. Afisa Elimu ni mama mnene mwenye sauti ndogo, aliwekewa kiti mbele ya bendera ya shule, na Mwalimu Mkuu pembeni yake. Wanafunzi mstarini. Maranda alisimama chini ya rimu yake na nondo mkononi, eti kwa dharura.

Saa mbili kamili binti aliwasha kompyuta. Taa ikawaka. Kengele ikalia! Wanafunzi wakaingia madarasani. Afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamtazama Maranda, nikajipapasa bega.

Nusu dakika baadaye kengele ikalia tena.

Wanafunzi wakatoka. Walimu wakatazamana. Kengele ikalia, wakaingia. Ikalia, wakatoka. Mwalimu wa hesabu alianza swali moja mara sita hakulimaliza. Afisa alisimama kwa heshima akidhani ni wimbo wa taifa, akaketi, akasimama, akaketi, mwisho akabaki ameinama katikati, hajui. Darasa la kwanza walikula chakula chao chote katika mapumziko manne ya mwanzo. Mlinzi alifungua geti, akafunga, akafungua, akaliacha wazi akaenda kukaa. Darasa la saba wakasema kengele zimefika za kutwa nzima, wakachukua mikoba wakaenda nyumbani. Wengine wakawafuata. Saa mbili na robo shule ilikuwa tupu, na kengele inalia.

Binti, aliyekuwa akihangaika na vipaza sauti akidhani kosa ni lao, alikimbilia kompyuta. Alipoizima kengele palikuwa na kimya cha ajabu. Kisha Maranda akagonga rimu yake, mara moja, taratibu. Ngaa. Watu wote waliobaki wakapumua. Ndicho kilichoniuma.

Binti alitazama kioo kwa muda mfupi tu. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kengele imetolewa kwa bosi wake, kwa hiyo haimsubiri tena aulize kama saa imefika. Kila kompyuta inapozunguka kuangalia saa, taa inangoja, kengele haingoji lolote, inalia. Akageuka. Akaniuliza kama niligusa kompyuta yake.

Nilifungua mdomo niseme kwamba mikono hii imejenga zahanati, soko na nusu ya shule hii hii. Lakini alikuwa ananitazama. Nikasema ndiyo, hatua moja tu.

Machozi yalimtoka, moja likadondokea gauni, akalifuta haraka kana kwamba ni mkunjo.

Afisa alimwambia kwamba anarudi Jumatatu, mara moja, ya mwisho. Akaondoka ameziba masikio ingawa kulikuwa kimya.

Maranda hakunicheka. Alinipita akasema tu kiti kiko tayari, lakini atasubiri Jumatatu, yeye si mtu wa kumpiga aliyeanguka. Heri angenicheka.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumba nzima imeninunia. Mama Watoto ameweka sahani yangu mwisho wa meza, hatua mbili ndani. Nikamwuliza ndiyo maana yake nini, akasema nijue bosi ni nani.

Kisha akanisema. Kwamba mtoto huyu alikuwa akinibebea maji ya kuchanganyia udongo akiwa na miaka sita. Kwamba hajawahi kugusa mwiko wangu bila kuomba. Kwamba mimi nimegusa mwiko wake mara mbili ndani ya wiki moja. Nilikuwa na majibu mawili lakini hayakuwa mazuri.

Nikatoka kuzunguka nyumba. Nyuma kuna ukuta nilioujenga kabla sijastaafu, nilikusudia kuongeza chumba cha binti, sikuongeza. Mwisho wa ukuta niliacha meno, kama afanyavyo kila fundi mwenye akili: tofali moja limetokeza, moja limeingia ndani, moja limetokeza, moja limeingia ndani. Ili ukuta unaokuja uushike unaotangulia. Ukiunyoosha mwisho ule ukawa laini, ukuta mpya hautashika. Utasimama peke yake. Utaanguka peke yake.

Nikayapapasa yale meno, moja baada ya jingine, mpaka chini.

Nikaingia ndani nikamwambia binti: yale ni meno! Yanaingia ndani ili yashikwe! Kengele niliitoa kwenye jino lake, ikasimama peke yake! Binti akanitazama. Akasema ndiyo hivyohivyo, Baba. Akasema mimi ni mtu wa kwanza kumweleza vizuri hivi, kuliko hata mwalimu wake. Akacheka kidogo, pua bado nyekundu.

Mstari ulikuwa umekwisharudishwa tangu jana, kwa kitufe kimoja. Lakini maelezo ni yangu. Iandikwe hivyo.

Jumatatu, 10 Juni

USHINDI! Au karibu yake.

Saa mbili, kengele moja. Kimya. Somo la kwanza likaisha kwa kengele moja. Kimya. Afisa aliketi kutwa, mikono tayari masikioni, hakuihitaji. Wanafunzi wa darasa la saba walionekana kusikitika.

Saa nne, mapumziko, ndipo pakawa na mushkeli. Kengele ililia sawasawa, lakini mkono wa Maranda, miaka tisa ya mazoea, uliinuka wenyewe ukagonga rimu sekunde ileile. Ding na ngaa pamoja. Akasema aliyetoa wanafunzi ni yeye. Nikasema ni binti yangu. Tukawauliza wanafunzi, wakasema wao walitoka kwa njaa.

Afisa amemwajiri binti! Amesema kazi ikienda sawa hujui mtu ni nani. Yeye alimjua Ijumaa, alipoona kosa lililofukuza shule nzima likipatikana kabla hajamaliza kuketi. Mtu wa namna hiyo ndiye anayemtaka. Maneno yake hayo, mbele za watu.

Sasa nifikirie kwa utulivu. Asingeajiriwa bila kosa. Kosa alilitengeneza nani?

Naiachia historia ijibu.

Ahadi ya viti imeamuliwa na kinyozi: kwa kuwa kengele ilishindwa Ijumaa na kushinda leo, kila mmoja atambebea mwenzake. Asubuhi mimi nitabeba kiti cha Maranda na yeye atabeba changu, tukitembea sambamba. Chake ni chepesi. Nimemwambia hiyo ni dalili ya ubao mbovu. Amesema changu ni kizito kwa sababu kina tope.

Jumapili, 16 Juni

Wiki imekwenda vizuri, bega linauma.

Binti amepewa kazi kubwa ya kwanza: kengele za shule kumi na mbili, zote kutoka kompyuta moja. Zinaanza kesho, saa mbili. Ameimaliza jana. Kabla hajaenda na mama yake kununua viatu vya ofisini, ameifunga kompyuta kwa neno la siri. Amesema si kwamba haniamini, Baba, ni utaratibu wa ofisi. Nikasema naelewa kabisa. Nilielewa.

Nilitaka kuangalia tu. Fundi ana haki ya kuangalia.

Nikajaribu jina la mama yake. Ikakataa. Nikajaribu jina lake mwenyewe. Ikakataa. Nikajaribu jina langu, kwa nini nisijaribu, ikakataa. Nikakaa nikitazama ukutani, pale timazi yangu inaponing'inia kwenye msumari. Nikaandika, herufi moja baada ya nyingine: timazi.

Ikafunguka.

Nilivua miwani nikapangusa. Nyumba hii ina vumbi.

Mtoto aliyeweka timazi ya baba yake kuwa ufunguo wa kazi yake anastahili kazi iliyo imara. Ndivyo nilivyowaza. Nikatazama mistari. Meno mazuri, safari hii sikuona aibu. Lakini machache mno! Mingi bado imeanzia ukingoni, laini, haina pa kushikwa. Shule kumi na mbili, na mstari wa kwanza kabisa hauna hata jino moja! Huu ni msingi au mzaha?

Sasa mimi na mashine tunaelewana. Nikibonyeza, inasogea ndani yenyewe, na mimi naisogeza zaidi. Nimeupa kila mstari jino moja la ziada. Mistari mingine miwili mitatu nimeipa mawili, ile iliyoonekana dhaifu. Mstari wa kwanza nimeupa manne.

Minyoo myekundu imetokea mingi. Haikunitisha. Hata plasta mpya hutoa nyufa kabla haijakauka.

Nimehifadhi, nimefunga, nimekaa kibarazani. Binti amerudi na viatu, amenionyesha, kisigino kifupi cha heshima. Amesema haiwashi tena leo, kesho atabonyeza tu mbele ya Afisa. Nikamwambia alale vizuri, ukuta umeshika.

Kesho saa mbili. Shule kumi na mbili kwa mpigo. Nimemwambia Maranda alete nondo ya akiba.